Kutoka Meudon Hadi Chicago: Jacques Maritain na Falsafa Iliyotoka Darasani

Mwezi Juni 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikielekea ukingoni, askari kijana wa Kifaransa aitwaye Pierre Villard aliuawa vitani. Alikuwa mtoto wa ukoo wenye mali, na wosia aliouacha haukuwa wa kawaida. Aliagiza fedha zake wagawiwe watu wawili ambao, kwa maoni yake, ndio wangeweza kuijenga upya akili ya Ufaransa baada ya maangamizi yale. Wa kwanza alikuwa Charles Maurras, mwandishi mashuhuri na kinara wa Action française, kundi la siasa lililotaka mfalme arudishwe na ambalo gazeti lake halikukauka maneno ya chuki dhidi ya Wayahudi. Wa pili alikuwa mwalimu wa falsafa wa miaka 35, Jacques Maritain, ambaye kijana huyo alikuwa akimwandikia barua za maswali ya imani.

Maritain hakuwa na mali yoyote. Kabla ya hapo aliwahi kujipatia riziki kwa kutunga kamusi ya tahajia ya kampuni ya vitabu ya Hachette, maana alikataa kufundisha katika shule za serikali akiamini kwamba Mkatoliki asingeachwa aseme anachokiamini. Fedha za Villard zilimpa nafasi ya kufikiri na kuandika, na baadaye zikamwezesha kununua nyumba huko Meudon, nje kidogo ya Paris. Sehemu nyingine, ikichangwa pamoja na fedha za Maurras, ilianzisha jarida la Revue universelle mwaka 1920, Maritain akipewa kurasa za falsafa. Warithi wawili, jarida moja. Kabla ya miaka saba kutimia tangu jarida hilo lianze, hawakuwa wakisalimiana tena.

Ili kuelewa sababu, turudi nyuma kidogo. Maritain alizaliwa Paris Novemba 18, 1882, mjukuu wa Jules Favre, mwanasiasa wa jamhuri aliyekuwa waziri wa mambo ya nje Ufaransa iliposhindwa na Wajerumani mwaka 1870. Alilelewa katika Uprotestanti wa kiliberali, ujanani akawa msoshalisti. Chuoni Sorbonne alikutana na Raïssa Oumansoff, binti wa Kiyahudi ambaye wazazi wake walihama kutoka Urusi. Wote wawili walisomeshwa na maprofesa walioamini kwamba ulimwengu ni maada tupu na kwamba swali la maana ya maisha ni la watoto. Siku moja, wakitembea katika bustani ya Jardin des Plantes, waliwekeana ahadi nzito: wangeyapa maisha muda fulani yajieleze, na yakishindwa wangejiua. Rafiki yao mshairi Charles Péguy aliwapeleka kumsikiliza mwanafalsafa Henri Bergson, na mihadhara yake ikawafungulia dirisha. Walioana mwaka 1904. Mwaka uliofuata walimtembelea Léon Bloy, mwandishi fukara mwenye ulimi mkali, na nyumbani kwake wakaona imani inayoishi bila senti mfukoni. Juni 11, 1906 walibatizwa pamoja na Vera, mdogo wake Raïssa. Bloy akawa baba yao wa ubatizo.

Jambo moja la miaka hiyo hupuuzwa na wengi wanaomsimulia. Mara baada ya ubatizo, Maritain hakukimbilia seminari wala maktaba ya teolojia. Alikwenda Heidelberg, Ujerumani, akasoma baiolojia miaka miwili chini ya Hans Driesch. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa Zama za Kati, alikuja baadaye, na aliyemfungua kwanza alikuwa Raïssa. Jacques alianza kumsoma mwaka 1910. Kwa hiyo alipokuja kuzungumza na wanasayansi hakuwa mgeni wa kazi yao. Nadhani tabia yake ya maisha yote ilianzia hapo: kwanza aijue kazi ya mtu jinsi inavyofanyika, ndipo aseme neno.

Tabia hiyo ilionekana wazi katika kitabu chake cha mwaka 1920, Art et scolastique. Wachoraji na washairi wa Paris walikuwa wamechoka na maagizo ya pande mbili: watu wa dini wakitaka picha tamu za kuwafariji waumini, wanasiasa wakitaka picha za kuhubiri siasa zao. Maritain alichota kwa Tomaso na walimu wa Zama za Kati fundisho lililokuwa limesahauliwa, kwamba sanaa ni ubora wa akili inayotenda, na lengo lake ni wema wa kitu kinachotengenezwa. Seremala akisali asubuhi na jioni lakini meza zake zikayumba, huyo ni mcha Mungu na ni seremala mbaya. Utakatifu wake hauisaidii meza. Pamoja na hayo, seremala ni mtu mzima kabla hajawa seremala, na kama mtu ana wajibu ambao ufundi wake hauwezi kumfutia. Ufundi una sheria zake, mtu ana zake, na kila upande ubaki na heshima yake.

Kwa mchoraji Mkatoliki wa wakati ule hii ilikuwa kama kufunguliwa pingu. Georges Rouault, ambaye picha zake za makahaba, mahakimu na wachekeshaji wa sarakasi ziliwakera waumini wengi, alikuwa rafiki wa nyumbani. Gino Severini, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa mtindo wa Futurismo nchini Italia, alikuja kupamba makanisa nchini Uswisi. Nchini Uingereza kitabu kilitafsiriwa na kuchapishwa mwaka 1923 katika karakana ya uchapaji ya kijiji cha Ditchling, mahali ambapo mchongaji Eric Gill na wenzake walijaribu kuishi kwa kazi ya mikono na sala. Miaka ya baadaye, katika jimbo la Georgia, Marekani, mwandishi wa hadithi Flannery O'Connor alikiri kwamba alijifunzia ufundi wake humo. Hadithi zake zimejaa mauaji na vichekesho vya kutisha. Hakuna anayeweza kuziita fasihi ya kanisani, na hilo ndilo Maritain alilokuwa analitetea.

Nyumba ya Meudon ilifunguliwa mwaka 1923. Jumapili alasiri watu walimiminika: wanafunzi, madaktari, watunzi wa muziki, watawa, Wayahudi, Waprotestanti, Waorthodoksi waliokimbia mapinduzi ya Urusi, akiwamo mwanafalsafa Nikolai Berdyaev. Sebuleni Jacques alisoma kipande cha Tomaso, kisha mjadala ukaanza. Vera ndiye aliyebeba kazi za nyumba, chai ikiwamo. Raïssa, ambaye mara nyingi alikuwa mgonjwa, alisikiliza zaidi kuliko kusema, ila wageni waliopima maneno walijua kwamba bila yeye Jacques hachapishi ukurasa. Ndani ya nyumba palikuwa na kikanisa kidogo chenye Ekaristi, kwa kibali cha askofu. Mwaka 1925 Jean Cocteau, mshairi aliyekuwa akipigana na afyuni, alipokea sakramenti hapo, na mwaka uliofuata barua zao wawili zikachapishwa. Baadaye Cocteau aliirudia afyuni yake na kwenda zake. Si kila aliyeingia Meudon alitoka amebadilika, na Maritain alikuwa na udhaifu wa kuwaamini wenye vipaji kupita kiasi.

Udhaifu huo huo ndio ulimfanya akae karibu na Action française muda mrefu. Kiongozi wake wa kiroho wa mwanzo, padri Mdominiko Humbert Clérissac, alikipenda kikundi hicho, na Maritain akafuata bila kuichunguza siasa yenyewe. Mwishoni mwa Desemba 1926 Papa Pio XI alikipiga marufuku kwa Wakatoliki. Maurras hakuwa muumini. Kanisa kwake lilikuwa nguzo ya utaratibu wa taifa, basi. Hapo Maritain aliona kosa lilipo: chombo kilikuwa kimechukua nafasi ya lengo. Mwaka 1927 alichapisha Primauté du spirituel, akiutetea uamuzi wa Papa. Marafiki wa zamani walimwita msaliti.

Tangu hapo alijitwisha kazi ya kuunda falsafa ya siasa yake mwenyewe. Mwaka 1932 alitoa kitabu kikubwa juu ya ngazi za maarifa, na kichwa chake kikabeba maneno yanayoweza kusimama badala ya kazi yake yote: kutofautisha ili kuunganisha. Mwanafizikia, mwanafalsafa na mtu wa sala wanajua kweli mambo ya kweli, kila mmoja kwa njia yake. Vurugu huanza mmoja wao anapotaka kuwapimia wengine kwa kipimo chake. Kisha Agosti 1934 alitoa mihadhara mjini Santander, Hispania, ambayo mwaka 1936 ilitoka ikiwa kitabu Humanisme intégral.

Hoja yake humo yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Binadamu ni sehemu ya jamii: anazaliwa ndani yake, anaidai, inamdai, anaweza hata kuitwa afe kwa ajili yake. Lakini huyo huyo ana utu usiogawanyika, unaojua na kupenda, na ambao kikomo chake si serikali bali Mungu. Mbepari humwona mtu kama kipande kinachojitegemea na kuwaacha wanyonge walie. Mkomunisti na mfashisti humwona kama kipande cha mashine kubwa. Wote wanasahau upande wa pili. Serikali ni chombo cha watu, na chombo hakiabudiwi.

Hispania ilimpima mapema. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipolipuka mwaka 1936, maaskofu wengi na Wakatoliki wengi wa Ulaya waliiita vita ya Jenerali Franco dhidi ya jamhuri vita takatifu. Maritain alikataa. Aliwalilia mapadri na watawa waliouawa na upande wa jamhuri, lakini akasema kwamba kuua maskini kwa jina la Kristo ni kufuru ya pili juu ya ile ya kwanza. Baada ya mji wa Guernica kupigwa mabomu mwaka 1937 alitia sahihi tamko la Wakatoliki waliopinga, pamoja na mwandishi François Mauriac. Waziri mmoja wa Franco alimshambulia hadharani, na magazeti yakamfanya Myahudi ili kumharibia jina. Yeye, mume wa mwanamke wa Kiyahudi, aliendelea kutoa mihadhara dhidi ya chuki ile hadi Vita Kuu ya Pili ilipofika.

Ufaransa ilipoanguka Juni 1940 alikuwa Amerika Kaskazini kwa mihadhara, naye akabaki New York miaka yote ya vita. Alizungumza na Wafaransa kwa njia ya redio, na kitabu chake juu ya anguko la nchi kilisomwa kwa siri nyumbani. Alikuwa rais wa École libre des hautes études, chuo cha wakimbizi ambako mwanaanthropolojia Claude Lévi-Strauss na mwanaisimu Roman Jakobson walifundisha. Mwaka 1942 alitoa kijitabu juu ya haki za binadamu na sheria ya maumbile, akipanga haki katika mafungu matatu: za mtu kama mtu, za raia, na za mfanyakazi. Mwaka 1943 mihadhara yake ya Yale juu ya elimu ikachapishwa; walimu wa shule za Kikatoliki nchini Marekani waliipokea vizuri, ingawa kwangu si kazi yake bora. Anazunguka mno.

Huko Marekani pia alipata rafiki ambaye hakuna mtu angemtabiria. Saul Alinsky alikuwa Myahudi asiye na dini, mwenye matusi mdomoni, aliyezaliwa Chicago. Mwaka 1939 alishiriki kuanzisha Back of the Yards Neighborhood Council katika mitaa iliyokuwa nyuma ya machinjio makubwa ya mji huo. Wapolandi, Waslovakia, Walithuania na Waairishi, kila kabila na parokia yake na ugomvi wake, walikalishwa meza moja na chama cha wafanyakazi wa machinjioni, Askofu Bernard Sheil akiwa upande wao. Walidai chakula cha watoto shuleni, zahanati na kazi. Maritain alipomjua Alinsky aliona jambo ambalo yeye alikuwa akiliandika vitabuni: watu wenye utu wao wakijitengenezea chombo chao, kabla serikali haijawatengenezea. Alimsukuma aandike kitabu. Kilitoka mwaka 1946, Reveille for Radicals, kikauzwa sana. Mwaka 1958 Maritain akawa kiungo cha mikutano kati ya Alinsky na Askofu Mkuu wa Milano, Giovanni Battista Montini, juu ya wafanyakazi waliokuwa wakilikimbia Kanisa. Barua za Maritain na Alinsky zinafurahisha kusoma, mzee wa sala na mchokozi wa mitaani wakitaniana. Nikiulizwa ni wapi falsafa hii ilifanya kazi barabara, nitataja machinjio ya Chicago kabla ya bunge lolote.

Baada ya vita Jenerali de Gaulle alimtuma Maritain kuwa balozi wa Ufaransa huko Vatikano, 1945 hadi 1948. Akiwa katika kazi hiyo aliongoza ujumbe wa nchi yake kwenye mkutano mkuu wa UNESCO mjini Mexico City, Novemba 1947. Umoja wa Mataifa ulikuwa ukiandaa tamko la haki za binadamu, na UNESCO ilikuwa imewaandikia wanafikra wa dunia nzima kuuliza haki hizo zina msingi gani. Majibu yalitoka kila upande. Gandhi alijibu kwa barua fupi kwamba haki zote zinatokana na wajibu uliotimizwa, na kwamba hilo alilijua kwa mama yake asiyejua kusoma. Wamarx walijibu, waliberali wakajibu, Wahindu na Wachina wakajibu. Ajabu ni kwamba orodha zao zilikaribiana, ila sababu zao hazikupatana kabisa.

Ndipo Maritain akasimulia kisa kilichomfanya ajulikane mbali kuliko vitabu vyake vyote: katika kikao kimoja mtu alishangaa jinsi wapinzani wakubwa walivyokubaliana juu ya haki, akajibiwa kwamba ndiyo, tumekubaliana, mradi asitokee wa kutuuliza kwa nini. Watu wengi hukitaja kisa hiki kama mzaha. Kwake haukuwa mzaha hata kidogo. Yeye mwenyewe alikuwa na jibu la kwa nini, na alilishikilia mpaka kufa: haki zinatokana na sheria ya maumbile aliyoiweka Muumba. Lakini alitofautisha. Katika kutenda, watu wa imani mbalimbali wanaweza kushika kanuni zilezile. Katika kuzieleza, kila mmoja ana nyumba yake. Kusubiri wote wakubaliane juu ya Mungu ndipo wakubaliane kutotesana kungekuwa ukatili.

Tusimtie chumvi, hata hivyo. Maritain hakuliandika Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Eleanor Roosevelt haikuyafanyia kazi kubwa majibu ya UNESCO, na kalamu zilizochonga vifungu zilikuwa za kina John Humphrey, René Cassin, Peng Chun Chang na Charles Malik wa Lebanoni. Malik alizijua vyema fikra za Maritain, na msisitizo wa utu wa kila mtu ulipata mtetezi ndani ya chumba kupitia kwake. Tamko lilipitishwa Paris Desemba 10, 1948 kwa kura 48, hakuna aliyepinga, nchi 8 zikijizuia. Nchini Italia njia ilikuwa fupi zaidi: Giorgio La Pira, profesa wa sheria aliyewasoma Maritain na mwanafalsafa Emmanuel Mounier, alikuwa miongoni mwa waandishi wa Katiba iliyoanza kutumika Januari 1, 1948, na kifungu chake cha 2 kinazitambua haki za mtu peke yake na katika vikundi ambamo utu wake hukua.

Siasa za vyama ni hadithi nyingine. Eduardo Frei wa Chile alimsikiliza Maritain Paris akiwa kijana mwaka 1934, akaja kuwa rais mwaka 1964. Rafael Caldera wa Venezuela naye alishika urais mara mbili. Barani Afrika, Léopold Sédar Senghor wa Senegal, Mkatoliki aliyetawala nchi ya Waislamu wengi, alichota katika chemchemi hiyo hiyo kwa ajili ya usoshalisti wake. Wapinzani hawakukosekana: Charles De Koninck wa Québec alitoa kitabu mwaka 1943 akionya kwamba anayemkweza sana mtu mmoja mmoja anayadharau manufaa ya wote. Onyo hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu chama cha Christian Democracy cha Italia, kilichohubiri utu kwa miaka karibu hamsini, kilisambaratika mwaka 1994 kwa kashfa za rushwa. Fikra iliyokuwa kipimo cha siasa ilikuwa imegeuka bendera ya chama, na bendera haimkemei aliyeibeba.

Raïssa alifariki Novemba 4, 1960. Jacques akahamia Toulouse kwa Ndugu Wadogo wa Yesu, akiishi katika kibanda na kuwafundisha vijana wa shirika. Montini, ambaye ujanani alikuwa amemtafsiri kwa Kiitaliano, sasa alikuwa Papa Paulo VI. Desemba 8, 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungwa, ujumbe kwa watu wa fikra na sayansi Papa aliukabidhi mikononi mwa Maritain. Mwaka mmoja tu baadaye mzee alichapisha kitabu cha kuwakaripia waliokuwa wakiipigia dunia magoti kwa jina la Mtaguso, na waliomsifu jana wakamnunia. Hata kanuni ya imani aliyoitangaza Paulo VI Juni 30, 1968 ilitokana kwa sehemu kubwa na rasimu ya Maritain, iliyopitia kwa Kardinali Charles Journet, ingawa umma ulikuja kulijua hilo miaka mingi baadaye. Alifariki Aprili 28, 1973, akiwa na miaka 90.

Machi 1967 Paulo VI alikuwa ametoa waraka Populorum Progressio juu ya maendeleo ya mataifa, na Maritain ametajwa katika tanbihi zake. Ndimo lilimokaziwa wazo kwamba maendeleo yawe ya kila mtu na ya mtu mzima, barabara na viwanda pamoja na akili, imani na uhuru wake. Kutoka hapo wazo liliingia katika ofisi za maendeleo za majimbo ya Afrika Mashariki, kwa mhandisi wa visima, muuguzi wa zahanati na bwana shamba, wengi wao wakiwa hawajawahi kusikia jina la Maritain. Tangu Januari 1, 2017 Vatikano ina idara kamili ya Maendeleo Fungamani ya Binadamu, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Kardinali Peter Turkson wa Ghana.